Kaseti ya Contra Niliyoirithi Ina Thamani Gani?

SWALI: Mshauri wetu, shikamoo. Mwezi uliopita tulifungua sanduku la marehemu baba hapa nyumbani, nami nikakuta kaseti mbili za gemu ya Contra, ile ya wanaume wawili wanaokwenda wakifyatua risasi msituni. Ya kwanza ni ya manjano, lebo yake inang'aa kana kwamba imetoka dukani jana, na imeandikwa kwamba ndani mna gemu nyingi. Ya pili ina umbo dogo kama hiyo ya kwanza, lakini haina skrubu hata moja, lebo yake imefifia na ina maandishi ninayodhani ni ya Kichina. Baba mdogo, ambaye alikuwa baharia, ndiye aliyekuja nayo kutoka safarini. Ninaikumbuka kwa sababu kabla ya kila hatua ilionyesha ramani, na kulikuwa na hatua moja ambayo theluji ilikuwa ikianguka. Ndugu yangu aliyeko Marekani amenipigia simu kuniambia nisiwe na haraka ya kuuza, kwani huko kaseti ya zamani iliwahi kuuzwa kwa zaidi ya dola milioni moja. Fundi mmoja wa hapa mtaani ananipa shilingi 20,000 kwa ile ya manjano. Ile iliyofifia nilikuwa nataka kuwapa watoto waichezee. Nifanyeje?
Msomaji, Tanga

JIBU: Marahaba, na poleni kwa msiba. Ombi langu la kwanza ni dogo: ile kaseti iliyofifia usiwape watoto mpaka umalize kusoma jibu hili.

Nianze na hiyo dola milioni moja, kwa sababu habari hiyo imewasumbua watu wengi na mimi hupokea barua zake mara kwa mara. Ni kweli kwamba mwezi wa Julai 2021, katika mnada wa Heritage Auctions nchini Marekani, kaseti ya Super Mario 64 iliuzwa kwa dola 1,560,000, na siku mbili kabla yake kaseti ya The Legend of Zelda ilikuwa imeuzwa kwa dola 870,000. Hata hivyo, Super Mario 64 ni gemu iliyouzwa nakala zaidi ya milioni 11 duniani, na nakala iliyotumika, isiyo na boksi, hupatikana kwa makumi ya dola tu. Ile ya mnadani ilikuwa haijafunguliwa tangu itoke kiwandani, nailoni yake ikiwa nzima, nayo ilikuwa imekaguliwa na kampuni inayopanga kaseti madaraja kulingana na hali yake na kupewa alama ya 9.8 juu ya 10. Mnunuzi alilipia boksi lisilo na kovu na nailoni isiyo na tundu. Mtu akitwaa bei hiyo akaibandika kwenye kaseti iliyochezwa na watoto wa mtaa mzima, anakuwa amelinganisha vitu viwili ambavyo sokoni havikutani kabisa. Tena bei za mwaka ule zilikuwa za kilele, na baadaye zilishuka.

Sasa tuje kwenye Contra yenyewe. Gemu hii ilitengenezwa na kampuni ya Konami ya Japan, ikatoka kwanza mwaka 1987 kama mashine kubwa ya kuchezea kwa kutumbukiza sarafu, kisha mwezi wa Februari 1988 ikatolewa kwa kaseti za nyumbani za Nintendo. Hapo ndipo hesabu ya thamani inapoanzia, kwa kuwa mashine ya Nintendo ilikuwa na sura mbili. Huko Japan iliitwa Famicom, ilianza kuuzwa mwaka 1983, na kaseti zake ni ndogo, kiasi cha sentimita 11 kwa 7, zenye meno 60 ya shaba, yaani vile vipande vya chini vinavyogusana na mashine. Marekani iliuzwa kuanzia mwaka 1985 kwa jina la NES, na kaseti zake ni za kijivu, kubwa, kiasi cha sentimita 13 kwa 12, zenye meno 72. Mashine nyingi za mwigo zilizotengenezwa Taiwan na China, ambazo ndizo zilizojaa katika maduka yetu na katika vibanda vya gemu tangu miaka ya 1990, zilifuata umbo la Famicom la meno 60. Kwa hiyo kaseti halisi kutoka Japan iliweza kuingia katika mashine ya mwigo ya Tanga bila shida yoyote, wakati kaseti halisi ya Marekani isingeingia bila kiunganishi maalumu.

Kaseti yako ya manjano ni nakala ya maharamia, yaani watu walionakili gemu bila ruhusa ya mwenyewe. Ninalisema hili bila kuiona, kwa sababu Konami haikupata kutoa Contra ndani ya kaseti ya Famicom yenye gemu nyingi pamoja. Ukiifungua kwa bisibisi ya kawaida utaona ubao mwembamba, na katikati yake doa jeusi la gundi lililofunika chipu, mithili ya tone la lami lililoganda. Kaseti halisi ya Contra ya Marekani ukiifungua (na hiyo huhitaji bisibisi maalumu ya milimita 3.8, kwa kuwa skrubu zake hazishikwi na bisibisi ya kawaida) utakuta bodi ya kijani yenye jina la Nintendo, na juu yake chipu tano zenye miguu inayoonekana: moja imebeba gemu yenyewe, moja ni ya kumbukumbu ya muda inayoshikilia picha, mbili ndogo ni za kubadilisha kurasa za programu, na ya tano ni ya kufuli, ambayo kazi yake ni kuzungumza na mashine ya NES ili mashine ikubali kuwaka. Maharamia wa meno 60 hawakuhitaji kufuli hiyo, kwa kuwa Famicom na mashine zake za mwigo hazina mlango wa kufunguliwa kwa chipu.

Ikiwa fundi anakupa shilingi 20,000 kwa kaseti hiyo ya manjano, naye anajua kwamba ni nakala, chukua fedha zake na umshukuru, kwa sababu wengi wasingekupa kiasi hicho. Wapo watu wanaokusanya kaseti za maharamia kwa makusudi, nami ninaiheshimu kazi yao, maana utoto wa watu wengi wa pwani yetu uko ndani ya kaseti hizo wala hauko ndani ya zile za kijivu. Lakini bado ni soko dogo. Sharti langu ni moja tu: usimwache aamini kwamba ananunua ya Konami.

Nimekuja sasa kwenye ile uliyotaka kuwapa watoto. Barua yako ina mistari miwili uliyoiandika kama kumbukumbu tu ya utotoni, nami nimeisoma mara tatu: ramani kabla ya kila hatua, na theluji inayoanguka. Toleo la Marekani halina mambo hayo. Katika kaseti ya Japan, Konami waliweka chipu yao wenyewe iitwayo VRC2, nayo iliwapa nafasi ya kuongeza madoido ambayo Wamarekani hawakuyapata: majani ya msituni yanayoyumba kwa upepo katika hatua ya kwanza, theluji inayoanguka katika uwanda wa theluji, ramani, na picha za hadithi kati ya hatua na hatua. Wakusanyaji wengi wa Marekani na Ulaya huitafuta kaseti ya Japan kwa sababu hiyo hasa, hata kama gemu ya Kimarekani wanayo tayari rafuni. Na kaseti za Famicom, aghalabu, hazikufungwa kwa skrubu, kwani maganda yake mawili hushikana kwa ndoana za plastiki.

Hayo ni dalili nzuri, ila hayatoshi kuwa ushahidi, kwa maana maharamia nao walinakili toleo la Japan. Kwa hiyo iangalie lebo yako mchana, kwenye mwanga wa dirisha. Jina la gemu kwa Kijapani limeandikwa kwa herufi tatu za asili ya Kichina, 魂斗羅, na ndiyo maana ukadhani ni Kichina. Tafuta jina la Konami, na utazame kama limechapwa kwa herufi safi au limetapakaa wino kama picha iliyopitishwa kwenye mashine ya fotokopi. Geuza kaseti uangalie mgongo wake, uone kama plastiki ina maandishi yaliyochongwa pamoja nayo tangu kiwandani. Halafu tazama meno: je, yamekatwa sawasawa, na je, shaba yake ina rangi moja? Usiibanduebandue kwa kisu kutafuta doa jeusi ndani. Kwanza utavunja ndoana, na kaseti yenye ndoana zilizovunjika hupungua bei papo hapo. Pili, kwa kaseti za Japan doa jeusi si hukumu ya mwisho, kwa kuwa huko Konami waliruhusiwa kutengeneza kaseti zao wenyewe, na zipo kaseti halali za Famicom zenye chipu zilizofunikwa kwa gundi. Kipimo kinachofaa kwa ile ya kijivu ya Marekani kikitumiwa kwa ile ya Japan kinaweza kukufanya utupe kitu cha kweli.

Kama ni halisi, ni ya bei gani? Bila boksi, na lebo yake ikiwa imefifia, ni ya makumi ya dola. Sitaki ujenge nyumba juu yake. Contra ilipendwa mno na ikauzwa kwa wingi, na kitu kilichouzwa kwa wingi hakiwi adimu kwa kuwa kimezeeka. Inayoishikilia bei yake isianguke ni hamu ya watu. Waliokuwa watoto mwaka 1988 leo wana mishahara, na wanakumbuka kwa vidole vyao ile siri ya kubonyeza juu, juu, chini, chini, kushoto, kulia, kushoto, kulia, B, A, iliyompa mchezaji maisha 30 badala ya matatu. Siri hiyo haikuzaliwa katika Contra. Iliwekwa na mtengenezaji wa Konami aitwaye Kazuhisa Hashimoto katika gemu ya Gradius ya mwaka 1986, lakini Contra ndiyo iliyoisambaza, na sifa hiyo inaishi ndani ya bei ya kaseti hadi leo.

Ili uone tofauti kati ya kupendwa na kuwa adimu, chukua mfano wa Contra Force, ambayo Konami waliitoa kwa NES huko Marekani mwaka 1992. Ni gemu nzito, inayokwenda kwa kusuasua, na wachezaji wengi huiweka nyuma sana ya Contra ya kwanza. Hata hivyo, kaseti yake kwa kawaida huuzwa kwa bei kubwa kuliko Contra, kwa sababu ilitoka wakati watu walikwisha kuhamia mashine mpya, na nakala chache ndizo zilizonunuliwa. Japan nako kuna Recca, gemu ya vita vya angani iliyotolewa kwa Famicom mwaka huohuo wa 1992, miaka miwili baada ya Super Famicom, mashine iliyoifuata Famicom, kuingia madukani. Hiyo ni miongoni mwa kaseti za gemu za kufyatua risasi zinazogharimu fedha nyingi kweli, na ukiikuta katika sanduku la baharia, niandikie siku hiyohiyo.

Kuhusu kupata bei ya kweli, usitazame bei ambazo wauzaji wameziandika kwenye mtandao, kwa kuwa mtu yeyote anaweza kuandika dola 5,000 juu ya kaseti ya dola 40 na kuiacha hapo miaka mitatu. Katika eBay kuna sehemu ya kuchuja vitu vilivyokwisha kuuzwa, na tovuti ya PriceCharting hukusanya mauzo ya namna hiyo. Linganisha yako na iliyouzwa ikiwa katika hali kama yako, yenye lebo iliyofifia kama yako, isiyo na boksi kama yako. Kisha toa gharama ya posta kutoka Tanga, maana kwa kitu cha makumi ya dola posta inaweza kula nusu ya faida. Ningekuwa mimi, kaseti iliyoletwa na baba mdogo kutoka baharini ningebaki nayo, lakini hayo ni ya familia yenu kuamua.

SWALI: Bwana Mshauri, salamu kutoka Muscat. Nimepata muuzaji anayeniuzia Contra ya Marekani, mpya kabisa, haijafunguliwa, kwa bei ambayo kwangu ni mshahara wa miezi miwili. Ametuma picha mbili za upande wa mbele. Anasema haijapelekwa kwa wapanga madaraja kwa kuwa hana muda. Je, niinunue kama akiba ya baadaye?
Msomaji, Muscat

JIBU: Bwana, usilipe bado. Kwa kaseti isiyofunguliwa, karibu thamani yote imo katika nailoni, na nailoni ndiyo sehemu rahisi kuliko zote kughushi. Mtu hununua boksi zuri lililotumika, hutia ndani kaseti, hulifunika kwa nailoni mpya na kulipasha hewa ya moto mpaka ibane. Kwa upande wa mbele, hata mzoefu hawezi kutofautisha. Siri iko mgongoni, ambako ndiko muuzaji wako hakukupiga picha. Nailoni za kiwandani za gemu za NES kwa kawaida zina mshono mmoja wa mlalo unaokatiza mgongo wa boksi, wakati wanaofunga upya mara nyingi huacha mishono kandokando au mikunjo ya kukunjwa kwa mkono kwenye pembe.

Mwombe picha za pande zote sita, na moja iliyopigwa mwanga ukija kwa ubavu ili mshono uonekane. Tazama kama boksi lenyewe lina kona zilizolika chini ya nailoni isiyo na mkwaruzo, kwa maana boksi na nailoni yake huzeeka pamoja, na kona iliyochakaa ndani ya nailoni mbichi inaonyesha kwamba nailoni ilikuja baadaye. Akisema hana muda wa kupiga picha sita zaidi kwa ajili ya mshahara wako wa miezi miwili, umekwisha kujibiwa.

Na hata akituma, na zikawa nzuri, mimi nisingeiita akiba. Wale walionunua kwa pupa mwaka 2021 waliona wenyewe jinsi bei inavyoweza kushuka. Kama shida yako ni kuicheza, Konami waliitoa upya mwaka 2019 ndani ya Contra Anniversary Collection, inayochezwa kwenye mashine za kisasa, na humo utapata toleo la Marekani na lile la Japan lenye theluji.

SWALI: Mshauri, mimi ni mama wa watoto wawili, tunaishi Hamburg. Mwanangu ana miaka kumi na mmoja na amenunua kwa euro tano, katika gulio la vitu vya mitumba, kaseti ya kijivu ya Nintendo iitwayo Probotector. Rafiki zake wanamcheka kwamba ni Contra feki kwa sababu badala ya watu kuna roboti. Mtoto amenyongea. Tena haiwaki vizuri, kioo kinawakawaka rangi moja. Je, amedanganywa?
Mama wa Hamburg

JIBU: Dada, mwambie mwanao ainue kichwa. Probotector ni kaseti halali ya Konami, na ndilo jina ambalo Contra ya NES iliuzwa nalo Ulaya. Ujerumani ilikuwa na sheria kali kuhusu michezo inayoonyesha binadamu wakiuana, na gemu iliyoingizwa kwenye orodha ya hatari kwa vijana haikuruhusiwa kutangazwa wala kuwekwa wazi dukani. Konami wakawabadilisha askari wawili kuwa roboti, na wengi wa maadui wao vilevile, ili gemu ipite. Ukuta ni uleule, madaraja yanayolipuka ni yaleyale, na muziki ni uleule. Wapo wakusanyaji wa Marekani wanaoiagiza kutoka Ulaya kwa sababu ya hizo roboti, na kwa euro tano mwanao amefanya biashara nzuri kuliko wote walioniandikia mwezi huu.

Kuwakawaka kwa kioo mara nyingi husababishwa na chipu ya kufuli kutopata mawasiliano mazuri, kwa hiyo mashine inajizima na kujiwasha bila kukoma. Hakikisheni kwanza kwamba mashine yenu ni ya Ulaya, kwa kuwa kufuli la Ulaya na la Marekani hayaelewani. Kama ni ya Ulaya, basi yaelekea ni uchafu. Chukua kijiti cha pamba, kichovye katika spiriti safi ya dukani, na upake meno ya kaseti juu na chini, pande zote mbili, ukibadilisha kijiti kila kinapotoka kimekuwa cheusi. Cha kwanza kitatoka cheusi kama kilichopita kwenye sufuria ya mkaa, msishtuke. Endelea mpaka kitoke cheupe, kisha iacheni ikauke robo saa kabla ya kuiingiza. Msitumie msasa, kwa kuwa hukwangua madini ya juu ya meno. Wala asiipulize kwa mdomo kama tulivyofanya sisi tulipokuwa watoto: mate huacha unyevu, na unyevu huleta kutu. Lebo isiguswe na spiriti hata tone, maana hiyo ndiyo nusu ya thamani yake.